Madoa Meusi ya Usoni na Vipimo vya Picha Bila Kukata Ngozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa karibu kila siku ya kliniki ya ngozi, na mara nyingi anayeyauliza si mgonjwa bali ndugu aliyemsindikiza. Yanahusu doa au baka lenye rangi lililoko usoni, ambalo daktari amesema analitilia shaka na anataka lipigwe picha kabla ya kuamua kulikata au kuliacha. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Kupiga picha ngozi bila kukata maana yake ni nini?

Ni kuitazama ngozi chini ya uso wake bila wembe, bila sindano na bila kutoa damu, kwa kutumia nuru. Nuru ya kawaida ikiangukia ngozi, sehemu kubwa yake hurudishwa na tabaka la juu kabisa lenye seli zilizokufa, na mng'ao huo ndio unaotuzuia kuona kilicho chini. Vifaa vinavyozungumziwa hapa ama huuondoa mng'ao huo, ama huichagua nuru inayorudi kutoka kina fulani tu na kuiacha nyingine.

Vinavyotajwa zaidi ni vitatu: dematoskopu, ambayo ni lenzi ndogo ya mkononi (swali la 5), hadubini konfoko inayotumia leza hafifu (swali la 6), na tomografia ya mwangaza (swali la 8). Hakuna kati ya hivyo kinachotumia mionzi ya eksirei.

2. Kwa nini doa la usoni lisichunguzwe kama doa la mgongoni?

Kwa sababu ngozi ya uso imejengwa tofauti. Mgongoni na mikononi, mpaka kati ya tabaka la juu la ngozi na tabaka la ndani una matuta na mabonde, na rangi inayofuata matuta hayo huonekana chini ya lenzi kama wavu wa kuvulia dagaa. Wavu huo ukichanika au ukinenepa upande mmoja, daktari hupata fununu ya kwanza. Usoni, hasa kwa mtu mzima aliyeishi sana juani, mpaka huo umelala kama sakafu, hivyo wavu haupo. Kinachoonekana ni zulia la rangi lililotobolewa na matundu ya vinyweleo, na kwa kuwa matobo hayo hulifanya zulia lifanane na wavu kwa mbali, madaktari huliita wavu bandia. Alama nyingi ambazo daktari alizifundishwa kwa ajili ya mwili mzima hazimsaidii hapo. Analazimika kusoma matundu yenyewe.

Sababu ya pili haihitaji sayansi. Kovu la mgongoni hufunikwa na shati, ilhali la puani huonwa na kila mtu. Kwa watu wenye asili ya Afrika huongezeka hatari ya kovu kuvimba na kuwa kiloidi, hasa kwenye mstari wa taya na masikioni, kwa hiyo kila kipande kinachokatwa lazima kiwe na sababu nzuri.

3. Ni doa la namna gani linalotiliwa shaka?

Ni lile lililo peke yake na lisilofanana na wenzake. Mtu mwenye madoa 30 yanayolingana mashavuni hana wasiwasi mkubwa, lakini akiwa na 29 yanayolingana na 1 lililo pana zaidi, lenye rangi mbili au tatu na kingo zisizoeleweka, hilo moja ndilo la kuangaliwa. Kukua kwa miezi au miaka, kuanza baada ya umri wa miaka 50, kupata rangi ya kijivu, na kutoka damu bila kukwaruzwa ni mambo yanayoongeza shaka.

Kwa mtu mweusi kuna la kuongeza. Kivimbe cheusi kinachong'aa kama lulu, chenye kidonda katikati kinachopona na kufunguka tena, kinaweza kuwa saratani ya seli za msingi yenye rangi. Wengi hukidhania kuwa chunusi sugu na kukipaka dawa za dukani kwa mwaka mzima.

4. Nimesikia jina lentigo maligna. Ni nini?

Ni melanoma, yaani saratani ya seli za rangi, ambayo bado imebaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na haijatoboa kuingia ndani. Huota mahali palipopigwa na jua kwa miaka mingi, yaani shavuni, puani, kwenye paji la uso na shingoni, kwa watu weupe waliokwisha kupita umri wa makamo. Daktari wa upasuaji wa London, Jonathan Hutchinson, ndiye aliyeieleza mwishoni mwa karne ya 19, na kwa muda mrefu iliitwa kwa jina lake. Hukua polepole mno, pengine kwa miaka, ikifanana na doa la uzee, na ndiyo maana hupitwa. Ikishatoboa kuingia ndani, huwa melanoma kamili yenye uwezo wa kusambaa.

Kwa watu weusi ugonjwa huu ni nadra sana. Melanoma yao hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo karibu maandiko yote ya kupiga picha madoa ya usoni yametokana na nyuso za watu weupe wa Ulaya, Australia na Marekani, jambo ambalo lina matokeo yake kwetu (swali la 11).

## Vifaa vyenyewe

5. Dematoskopu inaonyesha nini usoni?

Dematoskopu ni lenzi inayokuza takriban mara 10, yenye taa pembeni. Ya zamani huhitaji tone la mafuta, spiriti au jeli kati ya kioo na ngozi. Nyingi za sasa zina nuru iliyochujwa ambayo huua mng'ao hata kioo kisipogusa. Kwenye kona ya jicho au kwenye bawa la pua, ambako kioo hakikai vizuri, jeli ya ultrasaundi ni bora kuliko mafuta kwa kuwa haitiririki.

Daktari anayetafuta lentigo maligna hutazama matundu ya vinyweleo moja baada ya jingine. Mwaka 2000 kundi la Schiffner, akiwemo Wilhelm Stolz, lilichapisha alama za namna hii, na nne zinazofundishwa hadi leo ni hizi. Ya kwanza ni tundu ambalo rangi imelizunguka upande mmoja zaidi ya mwingine, kama mwezi mchanga badala ya pete. Ya pili ni vidoti vya kijivu vinavyojipanga kuzunguka matundu. Ya tatu ni mistari inayoungana kati ya matundu na kufanya maumbo ya almasi. Ya mwisho, ambayo ni ya ugonjwa uliokwisha kukomaa, ni rangi kuyafunika matundu hadi yasionekane tena.

Tatizo ni kwamba kijivu si mali ya saratani peke yake. Doa la uzee linaloyeyushwa na kinga ya mwili huacha vidoti vya kijivu, na keratosisi ya jua yenye rangi, yaani gamba linaloletwa na jua la miaka mingi, hufanya vivyo hivyo. Ukichukua kijivu pekee kuwa kigezo, utakamata karibu saratani zote na utawakata pia watu wengi wasiokuwa na kitu. Ukikosa kijivu kabisa kwenye doa bapa, unaweza kupumua. Swali gumu ni lile la kijivu kidogo, na hapo ndipo kifaa cha pili kinapohitajika.

6. Hadubini konfoko inafanyaje kazi?

Leza dhaifu yenye nuru ya nanomita 830, ambayo jicho haliioni, huelekezwa kwenye nukta moja ndani ya ngozi. Nuru inayorudi hupitishwa kwenye kitundu kidogo kinachokubali tu ile iliyotoka kwenye nukta hiyo na kuzuia iliyotoka juu au chini yake. Nukta ikisogezwa upesi kushoto na kulia, picha ya tabaka moja jembamba hujengeka kwenye skrini. Wazo la kitundu hicho lilitoka kwa Marvin Minsky, aliyeomba hataza yake mwaka 1957 akiwa hana habari na ngozi. Picha za kwanza za namna hiyo kwenye ngozi ya mtu aliye hai zilichapishwa mwaka 1995.

Mtu anayeitazama skrini kwa mara ya kwanza huona kama sega la asali: seli za juu zikiwa vyumba vyeusi vyenye kuta zinazong'aa. Ukishuka kidogo, vyumba huwa vidogo na vinene kuta. Ukishuka zaidi unafika kwenye mpaka wa tabaka la juu na la ndani, na hapo kila chenye melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huwaka, kwa sababu melanini hurudisha nuru kuliko kitu kingine chochote kilicho ngozini. Seli kubwa ya duara inayowaka mahali ambapo hapakupaswa kuwa na seli ya namna hiyo huonekana bila kutafutwa sana, kama kibatari kwenye nyumba yenye giza.

Uwezo wake una kikomo. Picha huonyesha seli mojamoja, lakini mashine haioni zaidi ya takriban mikromita 200 hadi 250, yaani robo ya milimita. Saratani iliyoshuka chini ya hapo, au iliyofuata kinyweleo kwenda chini, haiwezi kuifuata. Pia picha hulala sambamba na ngozi, tofauti na kipande cha maabara kinachokatwa wima, na daktari mzuri wa patholojia hukosea akiambiwa azisome bila kufundishwa.

7. Daktari alisema doa langu limepata alama 3. Alama hizo ni za nini?

Huenda ni mfumo uliochapishwa mwaka 2010 na kundi la Pascale Guitera wa Sydney. Alama 2 hutolewa kwa seli kubwa za duara, zaidi ya mikromita 20, zilizopanda juu kwenye ngozi. 2 nyingine kwa mpaka wa tabaka la juu na la ndani uliopoteza pete zinazong'aa ambazo kwa kawaida huonekana hapo. Kisha kuna alama 1 kwa kila moja ya dalili ndogo tatu: seli zisizo za kawaida zilizo nyingi kwenye mpaka, seli hizo kuzingira vinyweleo, na seli zenye kiini kuonekana ndani ya tabaka la ndani la ngozi. Sega la asali lenye kuta pana hupunguza alama 1, kwa kuwa ni dalili ya doa lisilo na hatari.

Jumla ya 2 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kutiliwa shaka. Katika utafiti huo, kati ya kila saratani 100 mfumo ulizikamata 85, na kati ya kila madoa 100 yasiyo na saratani uliyaachia kwa usahihi 76. Kwa hiyo alama 3 ni sababu ya kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa maabara. Si jibu la maabara.

8. Tomografia ya mwangaza je?

Ilibuniwa Marekani mwaka 1991 kwa ajili ya jicho, na hufanya kazi kama ultrasaundi inayotumia nuru badala ya sauti. Hushuka milimita 1 hadi 2, mbali kuliko konfoko, lakini haioni seli mojamoja. Kwa saratani ya seli za msingi inafaa sana; kwa kutofautisha lentigo maligna na doa la uzee haifai sana. Kuna aina mpya zaidi iliyotengenezwa Ufaransa, inayoona karibu nusu milimita kwa ukali unaokaribia ule wa konfoko, na hiyo ndiyo inayoangaliwa kwa matumaini sasa.

9. Inauma? Inachukua muda gani?

Haiumi. Dematoskopu ni dakika chache. Konfoko ni kama dakika 10 hadi 20 kwa doa moja, na shida yake ni kutulia: mgonjwa akimeza mate au akicheka, picha huyumba. Mashine kubwa hubandikwa kwenye ngozi kwa pete yenye gundi, jambo lisilowezekana puani wala kwenye kope, kwa hiyo usoni hutumika zaidi ile ya mkononi, ambayo huona eneo la takriban milimita 1 kwa wakati mmoja. Wajawazito na watoto wanaweza kupimwa.

10. Nijiandae vipi?

Njoo na uso uliosafishwa. Poda, fondesheni na liwa huacha chembe ndani ya matundu ya vinyweleo, na chembe hizo chini ya lenzi hufanana na vidoti ambavyo daktari anavitafuta. Wanja uliopotea hadi kwenye kope ya chini umewahi kuwashughulisha watu wengi bure. Krimu za jua zenye zinki nazo zioshwe, hata kama asubuhi ulizipaka kwa nia njema. Njoo pia na picha za zamani, kitambulisho au picha ya harusi, kwa kuwa huonyesha kama doa lilikuwapo miaka 10 iliyopita. Na ukiwa umepaka chochote cha kung'arisha ngozi, kiseme, hata kama ndugu yuko karibu. Swali la 12 linaeleza sababu.

## Ngozi nyeusi

11. Je, vipimo hivi vinafaa kwa ngozi nyeusi?

Vinafaa, ila visomwe kwa akili ya ngozi nyeusi. Kwenye konfoko, mtu mweusi mwenye afya kamili huwa na mpaka unaowaka sana kwa sababu seli zake za chini zimejaa melanini. Msomaji aliyezoea nyuso za Waingereza anaweza kushtuka bila sababu. Kwenye dematoskopu, rangi ya asili hufunika baadhi ya alama, na wekundu wa mishipa ya damu huonekana kwa shida.

Kubwa kuliko hilo ni uwezekano wenyewe. Daktari wa Brisbane, Australia, akiona baka la kijivu kwenye shavu la mzee, saratani huwa juu kwenye orodha yake. Daktari wa Morogoro akiona baka la kijivu kwenye shavu la mama wa miaka 45, juu ya orodha yake pana melasma, athari za vipodozi, lupasi ya ngozi na alama iliyoachwa na dawa kama za salfa. Picha ni ileile, lakini uzito wake haulingani. Kwa maoni yetu, anayenakili vigezo vya Ulaya bila kubadilisha orodha hii atawakata watu wetu bure na kuwaachia makovu.

12. Nilitumia mkorogo kwa miaka. Sasa nina baka la kijivu na bluu mashavuni. Ni saratani?

Uwezekano mkubwa si saratani bali okronosisi, ugonjwa unaosababishwa na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyopakwa kwa muda mrefu. Kinachosikitisha ni kwamba dawa iliyopakwa ili kuondoa weusi ndiyo inayouleta, na mtumiaji huzidisha dawa akidhani haijatosha. Krimu zenye haidrokwinoni au zebaki zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, lakini mkorogo unaochanganywa nyuma ya duka la vipodozi hauna lebo ya kusomwa.

Jibu hili tumelirefusha kwa sababu hapa ndipo picha inapoweza kudanganya kuliko mahali popote. Chini ya dematoskopu, okronosisi huonekana kama vidoti na vimstari vilivyopinda, vya rangi ya kahawia iliyokoza hadi kijivu cha bluu, vinavyozunguka matundu ya vinyweleo na hata kuyaziba. Rudi kwenye swali la 5 uone: pete za kijivu, maumbo yanayoungana, matundu yaliyofunikwa. Alama zinazofundishwa kuwa za saratani zimekaa hapo karibu zote kwa mtu asiye na saratani.

Kinachozitenganisha ni mambo ambayo mashine haiyajui. Okronosisi hukaa pande zote mbili za uso, hupenda mifupa ya mashavu na kando ya macho, na ngozi huwa na vipele vidogo kama mayai ya samaki. Lentigo maligna huwa moja, upande mmoja. Lakini historia ndiyo kila kitu, na historia hufichwa. Mama akiulizwa mbele ya mume kama anatumia mkorogo atasema, "Hapana, daktari, mimi napaka Vaseline tu," kisha mume akitoka kwenda kulipia atafungua mkoba na kutoa kopo lisilo na jina. Wauguzi wa kliniki wanalijua hili, na ndiyo maana humwomba msindikizaji asubiri nje.

Shaka ikibaki, kinyama kidogo hukatwa, na maabara hupata nyuzi za manjano-kahawia zenye umbo la ndizi ndani ya ngozi. Zikionekana hizo, mjadala umekwisha. Na kama ulichokuwa ukipaka kina steroidi, usikiache ghafla bila ushauri, kwa kuwa uso unaweza kuwaka vibaya.

13. Mimi na mama yangu tuna vipele vidogo vyeusi mashavuni. Vipigwe picha?

Kwa kawaida hakuna haja. Hiyo ni dermatosisi papulosa nigra, inayorithiwa katika familia na kuongezeka kwa umri, na haigeuki kuwa saratani. Kimoja kikibadilika tofauti na vingine, fuata swali la 3.

14. Nina ualbino na nina madoa mengi ya kahawia usoni. Je, hayo ndiyo ya kuogopa?

Mara nyingi siyo. Katika aina ya ualbino iliyo ya kawaida Afrika Mashariki, seli za rangi zipo na zinaweza kutengeneza kiasi kidogo cha rangi. Zikichomwa na jua, huzaa madoa ya kahawia yenye kingo zilizochongoka kama nyota. Madoa hayo ni ushahidi kwamba ngozi imepigwa na jua kupita kiasi, lakini yenyewe si saratani.

Cha kuogopa zaidi ni kile kisicho na rangi: gamba gumu lisilopona, kidonda mdomoni au sikioni, uvimbe mwekundu shingoni. Saratani inayowaumiza zaidi watu wenye ualbino katika eneo letu ni ya seli bapa, na hiyo huonekana kwa macho na kwa vidole vya daktari kabla ya mashine yoyote. Melanoma hutokea mara chache, na inapotokea inaweza kukosa rangi. Kwa hiyo uchunguzi wa ngozi yote kila baada ya miezi michache, kofia pana na losheni ya kukinga jua kama Kilisun, iliyoanzishwa kule kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, vina thamani kuliko picha ya doa moja la kahawia.

## Picha na kinyama

15. Picha ikiwa safi, kwa nini bado nikatwe kinyama?

Kwa sababu picha ni maelezo ya eneo lililotazamwa na kina kilichofikiwa. Doa bapa lisilo na alama yoyote mbaya linaweza kuachwa na kufuatiliwa. Doa lenye uvimbe, kidonda, au lililokua mbele ya macho ya familia halipaswi kufuatiliwa kwa picha, hata zikiwa nzuri namna gani. Likatwe.

16. Picha ilisema saratani, maabara ikasema hapana. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Seli za kinga zenye matawi huwaka kwenye konfoko kama seli za melanoma zenye matawi, na kuzitofautisha ni kazi ngumu hata kwa mzoefu. Keratosisi ya jua yenye rangi hujaa seli hizo. Lakini pia kinyama kinaweza kuwa kilichukuliwa mahali pasipo penyewe. Picha na jibu la maabara zikipingana, sahihi ni madaktari wawili kukaa pamoja na kuzitazama upya, na ikibidi kukata tena. Kuchagua jibu linalofurahisha si suluhisho.

17. Kinyama kinakatwa sehemu gani ya doa?

Hapa ndipo picha inapolipa gharama yake. Baka la sentimita 3 linaweza kuwa doa la uzee upande mmoja na lentigo maligna upande mwingine, na kipande cha milimita 3 kilichochukuliwa kwa kubahatisha kinaweza kuangukia upande usio na ugonjwa. Daktari aliyepiga picha huweka alama ya kalamu mahali palipo pabaya zaidi kabla sindano ya ganzi haijavimbisha ngozi. Kipande chembamba na kipana mara nyingi hufaa kuliko kitobo kidogo, na mpatholojia atumiwe picha pamoja na kopo la sampuli.

18. Ikithibitika kuwa lentigo maligna, picha zina kazi tena?

Ndiyo. Ugonjwa huu hutambaa nje ya mpaka unaoonekana kwa macho, kwa hiyo kukata milimita 5 kulizunguka doa mara nyingi hakutoshi. Konfoko inaweza kuchora mpaka wa kweli kabla ya upasuaji, na hospitali zenye utaalamu hukata kwa hatua, zikipima kingo hadi ziwe safi. Mgonjwa asiyeweza kukatwa anaweza kupewa tiba ya mionzi au krimu ya imikwimodi. Kwa hao hakuna kipande kilichokatwa cha kupimwa maabara, na picha za kila baada ya miezi kadhaa ndizo njia nzuri ya kuona kama ugonjwa umerudi.

## Mambo ya pembeni

19. Tuliambiwa turudi baada ya miezi 3 na hakuna kilichobadilika. Tumepona wasiwasi?

Si kwa doa bapa la usoni. Miezi 3 inatosha kwa melanoma nyingi za mwilini, lakini lentigo maligna inaweza kukaa muda huo bila kusogea. Picha zirudiwe baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kifaa kilekile.

20. Mtoto wangu ana baka la bluu kuzunguka jicho. Na mwingine ana madoa mengi kabla ya kufikisha miaka 2.

Ni mambo mawili tofauti kabisa. Baka la bluu-kijivu la upande mmoja, ambalo pengine limeingia hata kwenye weupe wa jicho, linaweza kuwa nevasi ya Ota. Dematoskopu humsaidia daktari kulitambua, lakini mtoto aonwe pia na daktari wa macho, kwa sababu presha ya jicho inaweza kupanda.

Madoa mengi ya jua usoni kwa mtoto mchanga, hasa akilia kila anapotolewa nje au akiungua kwa jua la dakika chache, ni jambo la haraka. Yanaweza kuwa dalili ya zeroderma pigmentosa, ugonjwa wa kurithi ambao ngozi haiwezi kurekebisha madhara ya jua, na saratani za uso huja utotoni. Usisubiri picha, mkinge na jua leo na umpeleke kwa rufaa.

21. Nilikwisha kulichoma doa kwa leza au dawa ya saluni. Linaweza kupimwa bado?

Linaweza, ila kwa shida. Rangi ikiondolewa na seli za saratani zikibaki chini, doa hurudi bila alama zilizokuwa zikitusaidia, na kovu lenyewe hutengeneza kijivu. Konfoko bado ina nafasi kwa kuwa huona seli hata pale rangi haionekani kwa macho. Ushauri wetu kwa wenye saluni ni mmoja: doa lisilojulikana jina lisichomwe.

22. Programu ya simu inaweza kunipa jibu?

Hapana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la BMJ yaliona kuwa programu za kupima hatari ya saratani ya ngozi hazitegemeki, na utafiti wa mwaka 2022 uliotumia picha 656 za watu wa rangi mbalimbali ulionyesha kuwa akili unde iliyofunzwa kwa ngozi nyeupe hufanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Simu ina faida nyingine: picha nzuri iliyopigwa mchana karibu na dirisha, pamoja na ile ya dematoskopu, inaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali. Daktari msaidizi aliyefunzwa ngozi akiwa wilayani anaweza kumwokoa mgonjwa nauli ya basi kwa njia hiyo.

23. Nitavipata wapi vipimo hivi, na kwa gharama gani?

Dematoskopu ya mkononi hugharimu mamia ya dola, na kliniki yoyote yenye daktari wa ngozi inaweza kuimudu. Chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimesomesha wataalamu waliotawanyika katika nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo anza kwa kuuliza hospitali ya mkoa kama yupo mmoja wao. Konfoko ni habari nyingine: bei yake ni makumi ya maelfu ya dola na kuendelea, na mashine ziko hasa Ulaya, Marekani na Australia. Usikope fedha kusafiri kwa ajili yake kabla dematoskopu haijatumika na kinyama kutazamwa. Kwa wagonjwa wengi wa huku hivyo viwili vinatosha kutoa jibu.

24. Ni lini nisisubiri miadi?

Doa likianza kuota uvimbe mgumu ndani ya wiki chache, likitoka damu lenyewe, au ukipapasa tezi chini ya taya upande huohuo na kukuta imevimba, nenda hospitali wiki hiyohiyo na useme hivyo mapokezi, kwa maneno hayo.